Methili Haikai Kwenye Chupa

Kuna wimbo ninaouchukia kuliko nyimbo zote nilizowahi kuimba, na ubaya wake ni kwamba ni mtamu. Unanijia nikiosha vyombo, nikifua, nikingoja chai ichemke. Unaingia kichwani bila kubisha, unaketi, unaanza. Nikigundua kwamba ni mimi ninayeuvumisha puani, nanyamaza na kusukutua mdomo kama mtu aliyeuma maharagwe yenye fukusi.

Tulifundishwa wimbo huo katika darasa la kemia, shule ya bweni ya wasichana upande wa Kathonzweni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shule ilikuwa ya kanisa. Tuliamka kwa sala na kulala kwa sala, na katikati tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambamo wadudu walielea juu ya mchuzi na miguu yao imekunjwa vizuri. Maabara ilikuwa chumba chenye meza ndefu, kabati moja la mbao, na mabomba ambayo hayakuwahi kutoa kitu isipokuwa buibui. Ile mipira midogo ya plastiki ya kuundia molekuli, pamoja na vijiti vyake, ilitafunwa na panya kabla hatujafika. Tuliambiwa habari zake kama watu wanavyoambiwa habari za mvua za zamani.

Mwalimu wetu wa kemia ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa mrefu, msafi wa shati, na alifuga ukucha wa kidole kidogo mpaka ukawa kama kijiko. Kwa ukucha huo alichokoa sikio huku tukinakili ubaoni, akautazama, akaufuta kwenye chaki, kisha akaendelea kuandika kwa chaki ileile. Mpaka leo sishiki chaki.

Lakini alijua kufundisha kitu kikakaa. Hilo simnyimi. Alituambia kwamba karboni ina mikono minne na haidrojeni ina mmoja, na hakuna mkono unaokubali kukaa mtupu. Karboni moja ikishika haidrojeni nne, mikono yote ina kazi, basi hiyo ni methani, molekuli kamili, gesi inayoweza kukaa kwenye chupa peke yake. Nilielewa siku hiyohiyo. Kila mtu alielewa.

Kisha akaleta wimbo.

Alikuwa amechukua tuni ya wimbo wa mavuno tuliouimba kanisani, ile yenye beti mbili, na kuijaza kemia. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, lakini wimbo aliutunga kwa Kiswahili, akisema Kiswahili kinashuka tumboni haraka. Ubeti wa kwanza ulikuwa na methani, ethani, propani na butani, na ulikuwa sahihi. Ubeti wa pili ulimpungukia. Tuni ilidai mistari minne naye alikuwa na mitatu. Mahali palipobaki wazi akaingiza methili: *methili nduguye naye, gesi nyepesi ya samawati.* Ilikaa vizuri mno. Sauti ya pili ilikuwa na mteremko hapo kwenye "nduguye" ambao ulifanya shingo zetu zisisimke.

Kila Ijumaa tulisimama mmoja mmoja tukauimba. Aliyekwama mara kwa mara aliondolewa kwenye kemia, akapelekwa kundi la sayansi kimu, akajifunze mishono na uji wa mgonjwa. Ndivyo shule ilivyochuja watu kabla ya kuwaandikisha kwa mtihani wa mwisho. Aliyeimba vizuri alihesabiwa kuwa anaijua kemia.

Dawatini niliketi na msichana aliyetoka Nuu. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzito kama ya mvulana aliyebaleghe, na hakupenda maneno mengi. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na aliniambia usiku wa kwanza bwenini, kabla sijamuuliza hata kijiji chao. Mdogo wake alikuwa amekunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtu aliimimina kwenye chupa ya soda, akaiweka rafuni, na mtoto akaiona chupa akajua ni soda. Hakufa. Lakini koo liliungua, na tangu siku hiyo alikula uji tu, akiumeza kwa kufumba macho.

"Mimi nitakuwa mtu wa dawa," aliniambia. "Nataka kujua kilicho ndani ya chupa."

Chuo alichokitaka hakikuchukua mtu asiye na kemia. Kwa hiyo kemia kwake haikuwa somo. Ilikuwa mlango, na mlango ulikuwa mmoja.

Muhula wa pili mwalimu alitangaza kwamba kila mmoja aunde molekuli moja kutoka kwenye wimbo. Karboni ingekuwa ndulele kubwa ya manjano, lile tunda chungu la porini, haidrojeni ndulele changa za kijani, na mikono ingekuwa miiba ya mgunga. Wageni wa kanisa wangekuja kuona kazi zetu. Jumamosi tukatoka na ndoo kwenda kando ya ua, mahali ndulele zilipoota kwa wingi kwa sababu mbuzi hawazigusi. Kila aliyewahi kukamua ndulele anajua sababu. Maji yake ni machungu ya kukunja uso, nayo hukauka vidoleni yakaacha utando unaonuka kama nyanya iliyokanyagwa chooni.

Niliketi chini nikachagua kazi rahisi.

"Unaunda nini?" jirani yangu wa dawati akauliza.

"Methili. Haidrojeni tatu tu, nimalize nikafue."

"Na mkono wa nne?"

"Haina wa nne."

"Karboni ina mikono minne, wewe. Umeukata ukaupeleka wapi? Umeupika?"

Akachukua ndulele yangu, akachagua mwiba mrefu kwenye ndoo, akaupachika upande uliokuwa mtupu. Ncha ilibaki imetazama nje, nyeupe, kali.

"Haya, shika."

Nilishika nikachomwa. "Aiya!"

"Unaona? Hiyo haiwezi kuwekwa mahali. Inatafuta wa kushikana naye." Akaokota nyingine ambayo msichana mwingine alikuwa ameiacha nusu, akaisukuma kwenye ncha ile mpaka karboni mbili zikashikana kwa mwiba mmoja. "Sasa ni ethani. Imetulia. Hii unaweza kuifungia kwenye chupa ukaandika jina lake. Methili ukitaka kuiona, itafute ndani ya kitu kingine. Ni kikundi tu. Ni kipande."

"Na wimbo?"

"Wimbo umedanganya."

"Mwalimu alisema ni gesi."

"Mkono ni wa mtu," akasema, akiendelea kuchoma miiba kwenye ndulele. "Lakini mkono si mtu. Umewahi kuona mkono umekuja sokoni peke yake kununua sukari?"

Nilicheka mpaka nikaangusha ndoo. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kitabu cha kemia, nakala pekee ya darasa, ambayo aliibeba kifuani kama mtu anayebeba kuku asimkimbie. Akanionyesha ukurasa. Kitabu kilichora methili na mstari mmoja uliotoka pembeni ukaishia hewani. Nilikuwa nimeuona mstari huo mara nyingi, nikadhani mchoraji aliteleza.

Ijumaa tukapanga kazi zetu mezani. Karibu nusu ya darasa ilikuwa imeunda methili, kwa sababu ileile iliyonivuta mimi, na zote zilikuwa na miiba mitatu iliyofunikwa kwa haidrojeni, na upande wa nne mtupu, laini kama kisigino. Mwalimu alipita akitikisa kichwa kwa furaha. Alipofika dawatini petu akasimama. Jirani yangu alikuwa ameweka vitu viwili: methani yenye mikono minne iliyojaa, na pembeni yake methili yenye ncha iliyo wazi.

"Hii imeharibika," mwalimu akasema. "Mwiba umebaki nje."

"Haijaharibika, Mwalimu. Ndivyo ilivyo. Ile ni molekuli, hii ni kikundi. Nimezileta pamoja ili tuone tofauti."

"Tofauti gani? Zote ziko kwenye wimbo."

"Ndiyo, Mwalimu. Kwenye wimbo hii imeitwa gesi. Lakini si gesi. Haikai peke yake."

Mtu nyuma akapiga mluzi mdogo.

"Kwa hiyo unataka niitoe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nikiitoa, ubeti wa pili utabaki na mistari mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu!" Akatugeukia kwa mikono iliyofunguliwa, kama anayeuliza wazee wa kanisa. "Na huo wa nne tutauimba nini? Tuuimbe isyo?"

Wakacheka. Walicheka kwa midomo iliyokaa wazi, na meno yao yalikuwa na ganda la mahindi la mchana. Niliwatazama nikawachukia. Walikuwa wale wale walioniazima sabuni, waliolia nami nilipopata malaria, na siku hiyo sikuona kitu ndani yao isipokuwa meno na ganda.

Mwalimu akaikamata methili kwa ngumi ili aitupe. Mwiba ukaingia kwenye kiganja mpaka nusu. Alilia kidogo, sauti nyembamba ambayo hatukuwa tumeisikia kwenye kwaya, akauchomoa, akatia kiganja mdomoni akanyonya damu. Pamoja na damu akanyonya maji ya ndulele. Uso wake ukakunjamana wote ukaja katikati. Akatema sakafuni, akatema tena, uzi mrefu wa mate ukaning'inia kwenye kidevu, na darasa, ambalo lilikuwa bado linacheka, halikuweza kujizuia. Alifikiri wanamcheka yeye. Walikuwa wanamcheka yeye.

"Toka," akamwambia jirani yangu. "Nenda kwa wenzako wa sayansi kimu ukakoroge uji. Huko kila kitu kinakaa peke yake."

Alikusanya kalamu yake na rula. Kitabu akakiacha dawatini, kwa kuwa kilikuwa cha darasa. Alikipangusa kwanza kwa kiwiko, mahali palipokuwa na mate.

Majuma yaliyofuata nilimwona kwenye chumba cha mishono, ameketi na kitambaa cheupe magotini, akishona tundu la kifungo. Alishona vibaya. Usiku alinisomesha kemia niliyokuwa nimetoka kufundishwa mchana, nami nikamwonyesha maandishi yangu, naye akasahihisha. Hakulalamika. Aliuliza tu kila mara: "Hajasema lini ataandikisha?"

Wageni wa kanisa walikuja wakapiga makofi. Wimbo ukaimbwa. Ndulele zikafungiwa kabatini, na shule ikafunga.

Tuliporudi, maabara ilikuwa imefungwa madirisha yote na joto la Makueni likiwa limelala ndani yake likizo nzima. Mwalimu alinipa ufunguo nikafungue kabati. Sikujua kwamba harufu inaweza kuwa na uzito. Ilinipiga kifuani. Ndulele zilikuwa zimepasuka, zimeyeyuka, zimetiririka kutoka rafu ya juu hadi ya chini na kuganda katikati ya safari kama kamasi. Rojo lilikuwa la kahawia, lenye mbegu. Ndani yake funza weupe walikuwa wakijinyonga polepole, wanene, wasio na haraka, wameshiba molekuli zetu zote. Hapakuwa tena na methani wala ethani. Miiba ilikuwa imebaki, imelala ovyo kwenye uozo.

Nilitapika kwenye sinki lisilo na maji.

Mwalimu alikuja na leso puani. Akatazama, akafikiri, akasema, "Aitwe yule wa ndulele. Ndiye mwenye ujuzi wa miiba."

Akaitwa kutoka kwenye mishono. Akapewa kipande cha bati akwangue. Sisi tukatolewa nje, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, mwalimu akatupanga kwa sauti chini ya dirisha na kutuimbisha. Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa: yeye ndani anakwangua, bati likilia juu ya mbao, na sisi nje kwenye kivuli, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, *methili nduguye naye*, na ule mteremko mtamu ukitelemka vizuri, na harufu ikitoka dirishani ikitufikia mdomoni kila tulipovuta pumzi ili tuimbe. Nimekwenda kwenye matanga mengi, nimeona mzoga wa ng'ombe wakati wa kiangazi. Sijawahi kuona kitu kichafu kama uzuri wa wimbo ule mchana ule.

Alipomaliza alitoka akiwa na ndoo. Mikono ilikuwa imepakwa mpaka viwikoni. Akasimama mbele ya mwalimu.

"Nimemaliza, Mwalimu. Naomba nirudi kemia."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja kwa sababu ya harufu. Labda pia kulikuwa na huruma usoni. Sitaki kuiweka pale kama haikuwapo.

"Majina yanapelekwa wiki ijayo," akasema. "Ukisimama mbele ya darasa ukauimba wote, bila kurukaruka, utaandikishwa. Sina ugomvi na mtoto wa mtu."

Juma hilo sikulala vizuri. Nilitaka akatae. Nilimtungia hotuba, nikaifanyia mazoezi nikichota maji: angesimama, angefika kwenye methili, angenyamaza, na ukimya wake ungekuwa mwiba katikati ya ubeti. Nilimweleza mpango huo tukiwa kwenye foleni ya chakula. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye kamasi.

"Halafu?"

"Halafu watajua."

"Halafu nishone vifungo maisha yangu yote, nawe uandike habari zangu."

Ijumaa akasimama. Alikuwa ameoga, lakini utando wa ndulele haukuwa umetoka kwenye kucha. Akaimba ubeti wa kwanza kwa ile sauti nzito, sawasawa, bila haya. Akaingia ubeti wa pili. Nilishika ukingo wa dawati. Mwalimu alikuwa akipiga mdundo mezani kwa ule ukucha, tak, tak, na mstari ukafika, na jirani yangu akafungua mdomo akaimba *methili nduguye naye, gesi nyepesi ya samawati*, na hata mteremko akauweka, mzuri kuliko wetu sote.

"Umeona?" mwalimu akasema. "Ilikuwa rahisi hivyo."

"Sasa naweza kukaa?"

"Kaa."

Akaja akaketi kando yangu. Nilisogea. Uchungu wa ndulele ulikuwa umepanda mpaka nyuma ya ulimi, na sikumtazama. Nilisikia anavuta kitabu kutoka mbele yangu.

"Unanuka hasira," akaninong'oneza. "Nipe nafasi, nimebaki nyuma."

Mtihani wa mwisho ulipokuja, kulikuwa na swali lililotaka mtu aeleze tofauti kati ya molekuli na kikundi, na atoe mifano. Chumba chote kilikuwa kimya, lakini niliusikia wimbo ukipita kichwani mwa kila mmoja wetu. Midomo ilikuwa inachezacheza. Nilipotoka nje, msichana wa mbele aliniuliza kwa furaha, "Umeweka methili kwenye molekuli, sivyo?" Wengi walikuwa wameiweka. Nilimtafuta jirani yangu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi anavua soksi.

"Umeandika nini?"

"Nilichokijua." Akakung'uta soksi. "Kuimba nimeimba kwa mdomo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu."

Mlango wake ukafunguka. Miaka michache baadaye nilimtembelea Matinyani, kwenye zahanati, mahali alipokuwa ndiye mtu wa dawa. Dirisha lake lilikuwa na wavu, na mbele yake mama mmoja alikuwa amenyoosha chupa ya soda ili amiminiwe dawa ya mtoto ya kifua.

"Hiyo siijazi, mwaitu," akamwambia kwa heshima ile ambayo watu wetu humwitia mama yeyote. "Nitakupa chupa yangu, na jina lake limeandikwa."

"Lakini nimeiosha."

"Najua umeiosha. Mtoto akiiona ataona soda."

Mama akalalamika kidogo, akapokea chupa ndogo ya kahawia, akaenda. Ile ya soda ilibaki kwenye kaunta. Rafiki yangu akaipeleka nyuma, mahali palipokuwa na karai la maji na chupa nyingine alizowanyang'anya watu, akaanza kuisugua. Nami nilikaa kwenye kisanduku nikitazama rafu zake, chupa baada ya chupa, kila moja na karatasi yake, kila kitu kikiwa mahali pake na kimeshikana na vyake.

Kisha nikamsikia. Alikuwa anauvumisha ule wimbo puani, ameinama juu ya karai, mabega yakienda na brashi. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaingia, naye akafungua mdomo, akaimba mstari ule, na kwenye mteremko sauti yake ikatetemeka kwa raha.

"Hata sasa?" nikamuuliza. "Hata baada ya kabati?"

Akacheka, mara ya kwanza nadhani kumsikia akicheka hivyo, mpaka akaweka chupa chini.

"Si kweli hata chembe," akasema. "Lakini si inaingia vizuri?"

Nikatoka nje nikatema mate. Nilipokuwa nikijifuta mdomo, nilikuwa tayari nimefika katikati ya sauti ya pili.